Jina la Mtu Kwenye Karatasi ya Njugu

Jioni moja nikitoka Marikiti hapa Mombasa, nilinunua njugu za Sh20 kwa ami mmoja anayeweka sinia lake karibu na kituo cha matatu. Nilizitafuna njia nzima bila kuitazama karatasi aliyonifungia, na ni pale nilipofika nyumbani na kutaka kuitupa ndipo nilipoona kwamba ilikuwa imepigwa mistari kwa kalamu na rula: tarehe, jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, unakwenda nyumba gani, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Ulikuwa ukurasa wa kitabu cha wageni, kile daftari ambacho askari wa langoni hukusukumia kabla hujasema hata salamu alaikum.

Nilihesabu majina 23. Mafuta ya njugu yalikuwa yamelowesha safu ya chini, lakini zilizobaki zilisomeka vizuri kabisa. Kulikuwa na fundi wa mifereji aliyekaa dakika 40, na mtu wa kuleta gesi aliyetia sahihi mfano wa mnyoo. Kulikuwa pia na dada mmoja mwenye hati ya kupendeza, aliyeingia nyumba fulani saa mbili kasorobo usiku na kutoka saa kumi na mbili na robo asubuhi, na jina lake lote, kitambulisho chake na simu yake vikiwa vimekaa pale kando ya hizo saa. Sikumjua, wala sikutaka kumjua, ila kwa Sh20 nilikuwa nimeuziwa usiku wake mmoja pamoja na njugu.

Watu wengi, ukiwaeleza kisa kama hiki, hukujibu kwamba asiye na la kuficha hana la kuogopa. Nadhani jibu hilo linachanganya siri na faragha, maneno mawili ambayo Kiswahili kilishayatenganisha kabla ya kompyuta kuzaliwa. Siri ni jambo ninaloficha. Faragha ni ile hali ya kukaa pembeni na watu wangu bila ya mtu wa tatu kutega sikio, hata kama tunachozungumza ni bei ya samaki. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na ni kweli kwamba kata lazima iingie mtungini ili maji yapatikane. Lakini hakuna aliyesema kwamba kata ikishatoka mle ina ruhusa ya kutembea mtaani ikitangaza iliyoyaona.

Kwa upande wa sheria, Kenya haina upungufu mkubwa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na kinataja waziwazi kwamba habari za familia yake au mambo yake binafsi zisitakiwe wala zisifichuliwe pasipo sababu. Juu ya msingi huo ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyotiwa saini tarehe 8 Novemba mwaka huo na kuanza kutumika tarehe 25. Inasema data ikusanywe kwa sababu iliyotajwa, isizidi kiasi kinachohitajika, na isiwekwe kwa muda mrefu kuliko haja yake. Tena haikuishia kwenye kompyuta: rekodi iliyoandikwa kwa mkono, ikiwa imepangwa kwa utaratibu wa kuhifadhi kumbukumbu, nayo imo. Kwa hiyo lile daftari la langoni, kwa kusoma kwangu, lina sheria yake. Ni wenye daftari tu ambao hawajaambiwa.

Mimi nililazimika kuijua sheria hii kwa sababu ya kazi. Ni mhasibu wa shule ndogo ya chekechea na msingi, na katika shule ndogo mhasibu ndiye anayetupiwa kila fomu ambayo mwalimu mkuu haielewi. Usajili wa wanaoshughulikia data ulipoanza tarehe 14 Julai 2022, nilidhani hautuhusu, maana kanuni zinawasamehe wenye mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Kisha nikasoma jedwali la nyuma, nikakuta kwamba shule, hospitali, wakopeshaji, wenye hoteli, wasimamizi wa majumba na wengine kadhaa lazima wajisajili hata wakiwa wadogo vipi. Tulilipa Sh4,000, kiwango cha wadogo; wa kati hulipa Sh16,000 na wakubwa Sh40,000. Cheti kinadumu miezi 24. Mwalimu mkuu alikitia fremu, akakitundika ofisini karibu na kalenda ya benki, na picha za watoto zikaendelea kuwekwa kwenye ukurasa wetu wa Facebook kama kawaida, pamoja na majina yao na madarasa yao.

Hali hiyo ilidumu hadi tarehe 26 Septemba 2023, siku ambayo Kamishna wa Data, yaani msimamizi wa sheria hii, Bi Immaculate Kassait, alitangaza faini tatu kwa mpigo. Kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, ilitozwa Sh2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia vitisho. Klabu ya Casa Vera ya Nairobi ilitozwa Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ya ridhaa yake. Nayo Roma School ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ya idhini ya wazazi.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyotikisa shule yetu. Usiku ule ule mwalimu mkuu alinipigia saa nne, na kabla sijaitikia vizuri akasema, "Mwalimu, hebu futa zile za siku ya michezo." Yeye huita kila mtu mwalimu, hata mhasibu. Nilikaa hadi usiku wa manane nikifuta miaka mitano ya mashindano ya kukimbia na yai kwenye kijiko. Wiki iliyofuata tulichapa fomu ya idhini, sehemu ya kukubali na sehemu ya kukataa, na nilishangaa kwamba karibu theluthi moja ya wazazi walitia alama kwenye kukataa. Siku zote hizo walikuwa hawataki, ila hakuna aliyewauliza.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ndivyo utekelezaji unavyofanya kazi kwetu unapofanya kazi. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuingia shuleni kwetu, wala simlaumu mtu kwa hilo: shule zilivyo nyingi nchini, ofisi ya Kamishna yenyewe changa, itamkagua nani imwache nani? Kilichofanya kazi ni habari. Mwenzio akinyolewa, unatia maji kichwa chako. Kwa wadogo kama sisi, ambao Sh4 milioni ni mishahara ya miezi mingi, tangazo moja kwenye taarifa ya saa moja lilifanya kazi kubwa kuliko mihadhara kumi.

Tabu inaanza ukimtazama mkubwa. Kifungu cha 63 cha sheria kinasema kwamba faini ya juu kabisa ambayo Kamishna anaweza kutoza ni Sh5 milioni, au, kwa biashara, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na hapo yakafuata maneno machache ambayo mtu asiyezoea hesabu anaweza kuyapita kama hakuyaona: kile kilicho kidogo kati ya viwili hivyo. Niliyasoma mara tatu nikidhani ni makosa ya uchapaji. Sheria ya Ulaya, ile iliyoanza kutumika Mei 2018 na ambayo yetu imeifuata kwa mambo mengi, inasema euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima, kile kilicho kikubwa. Neno moja limebadilishwa, na sheria nzima imebadilika uzito. Kwa kutumia kile kikubwa, wasimamizi wa Ireland waliitoza Meta, mwenye Facebook, euro bilioni 1.2 Mei 2023. Kwa kutumia kile kidogo, kampuni yenye mapato ya Sh300 bilioni kwa mwaka haiwezi kutozwa na Kamishna zaidi ya Sh5 milioni kwa kosa, fedha ambazo, nilizipigia kikokotoo, huziingiza kwa muda usiofika dakika 9.

Ukizidi kuchokonoa hesabu hizo unakuta jambo jingine la ajabu. Ikiwa asilimia 1 inafanya kazi ya kumlinda mdogo, basi shule itakayotozwa Sh4,550,000 kwa kosa moja ingepaswa kuwa na mapato yasiyopungua Sh455 milioni kwa mwaka. Hesabu za shule za watu si zangu kuzikagua, lakini kila nikiirudia sentensi hiyo ya kifungu cha 63 naona namna mbili za kuisoma, na ningependa siku moja Mahakama Kuu iisome kwa sauti, tuisikie sote.

Kuna mlango wa pili, na kwa maoni yangu ndio ulio muhimu. Kifungu cha 65 kinampa aliyedhurika haki ya kulipwa fidia, na hapo sheria haikuweka dari. Kinahesabu hata madhara yasiyo ya fedha, kama vile fadhaa. Malalamiko kwa Kamishna ni bure, na sheria inamtaka ayamalize katika siku 90. Yaani njia ipo. Nitaeleza kwa nini mimi mwenyewe sikuipita.

Mwaka 2021, tukiwa katikati ya mkutano wa wazazi, nilipigiwa simu na mwanamume aliyeniita "madam" kwa adabu kubwa, akaniuliza kama ninamjua mtoto wa shangazi yangu, akamtaja jina kamili. Nilijibu ndiyo, nikadhani amepata ajali. Akasema binamu yangu huyo amekopa Sh4,500, siku zimepita, na kwamba ameniandika mimi kuwa mdhamini wake. Nilimwambia sijadhamini mtu. Adabu ikaisha hapo hapo. Alinieleza, kwa sauti iliyosikika hadi kwa mama wa watoto wawili aliyekaa mbele yangu, kwamba ukoo wetu ni ukoo wa wezi na kwamba atampigia kila mtu hadi imamu wa msikiti wetu. Hakuwa anatania. Jioni ile tulikuja kujua kwamba watu 11 wa ukoo walikuwa wamepigiwa, pamoja na fundi cherehani wa shangazi na mtu aliyewauzia ng'ombe mwaka 2018, ambaye jina lake lilikuwa bado limo katika simu ya binamu.

Binamu hakumwandika mtu yeyote. Alipoipakua ile programu, iliomba ruhusa ya kusoma majina ya simuni, na asingekubali mkopo usingetoka. Alibonyeza kukubali, kama ambavyo ningebonyeza mimi na wewe kama mtoto ana homa na dukani wamekataa kukopesha. Ukifikiri kwa akili ya mkopeshaji, utaona kwamba utaratibu wenyewe ulipangwa hivyo: mkopo mdogo hauna shamba la kuwekwa rehani, hauna gari wala mshahara wa kukatwa, na gharama ya kwenda mahakamani kudai Sh4,500 inazidi deni lenyewe. Kilichobaki cha kushika ni aibu. Majina ya simuni ndiyo yaliyokuwa dhamana, na aibu ndiyo iliyopigwa mnada. Binamu alilipa siku ya pili kwa kukopa kwenye programu nyingine, na kwa miaka miwili hakuonekana kwenye harusi wala maulidi ya nyumbani.

Mimi, kwa hasira, nilifuta kila kitu. Nilifuta kumbukumbu za simu, nikafuta jumbe tatu za matusi alizonitumia usiku ule, nikaifungia nambari. Miezi kadhaa baadaye, niliposoma namna malalamiko yanavyowasilishwa, nilielewa kwamba nilikuwa nimefuta ushahidi wangu mwenyewe. Kamishna hasikilizi uchungu. Anasikiliza picha za skrini, tarehe, nambari na sauti zilizorekodiwa, kama inavyopasa. Sheria yetu humsubiri mtu aliyetukanwa ambaye, katika saa ile ile ya kutukanwa, amebaki na utulivu wa karani. Huwa ni wachache.

Waliobaki na utulivu ndio waliotufungulia njia. Malalamiko dhidi ya wakopeshaji wa simu yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 2022 ofisi ya Kamishna ilitangaza ukaguzi wa wakopeshaji 40, na mwaka uliofuata kampuni ya Whitepath ikatozwa Sh5 milioni, ile dari yenyewe. Bunge nalo lilikuwa limepitisha marekebisho ya Sheria ya Benki Kuu mwishoni mwa 2021, kanuni zikatoka Machi 2022, na miongoni mwa yaliyokatazwa ni matusi, vitisho na kuwapigia simu watu walio katika orodha ya mkopaji. Walioomba leseni walikuwa 288. Kufikia Septemba 2022 waliopewa walikuwa 10.

Hata hivyo, nikiulizwa ni nini hasa kilichozinyamazisha zile simu, sitaitaja Nairobi kwanza. Januari 2023 Google ilianza kuzitaka programu za mikopo za Kenya zioneshe leseni ya Benki Kuu au zitolewe dukani kwake, na kuanzia tarehe 31 Mei mwaka huo ikazizuia programu za mikopo kusoma majina ya simuni na picha za mteja. Jambo ambalo sheria yetu ilikuwa inalikataza kwa maneno tangu 2019 lilizuiwa kwa kitasa na kampuni ya California. Nilifurahi, kisha nikakaa nikaona haya kwa kufurahi. Mlango wa nyumba yetu ulikuwa umefungwa na jirani tajiri, ambaye ufunguo ni wake, na ambaye mwenyewe ndiye mkusanyaji mkubwa wa habari zetu kuliko wakopeshaji wote wakiwekwa fungu moja. Ingawa haki yake apewe: bila leseni ya Benki Kuu asingekuwa na kipimo cha kumtoa nani na kumwacha nani.

Kwa serikali yenyewe, anayetekeleza sheria mara nyingi amekuwa jaji. Kadi za Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumpa kila mtu nambari moja ya utambulisho, zilianza kutolewa Novemba 2020, mwezi ule ule ambao Kamishna wa kwanza alikuwa anaapishwa, na tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah aliamua kwamba zilitolewa kinyume cha sheria kwa kuwa tathmini ya athari kwa faragha haikufanywa kwanza. Serikali ilijitetea kwamba data ilikusanywa kabla ya sheria kuwepo. Jaji hakukubali, haki ilikuwa ndani ya Katiba tangu 2010. Juni 2021, Wakenya waliofungua tovuti ya serikali ili kuangalia uanachama wa vyama vya siasa walikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi hata kuvaa fulana yake. Kelele zilipigwa, kitufe cha kujitoa kikawekwa, na mambo yakaishia kwenye kitufe.

Kisha ikaja Worldcoin, mradi wa kampuni ya sarafu za kidijitali. Mwishoni mwa Julai 2023, picha za watu waliojipanga kwenye jengo la KICC jijini Nairobi zilienea kote: vijana, akina mama wenye watoto mgongoni, wakisubiri kuangalia ndani ya tufe la chuma linalong'aa ili lipige picha ya mboni ya jicho, nao wapewe sarafu 25 za kidijitali zilizokuwa na thamani ya kama Sh7,000. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Mjadala wa mitandaoni ulijaa kejeli kwa waliopanga foleni, eti wameuza macho, na kejeli hizo ziliniudhi kuliko foleni yenyewe. Sheria inasema ridhaa iwe ya hiari, mahususi, na ya mtu aliyeelezwa. Mtu asiye na unga nyumbani, anayewekewa Sh7,000 mezani na maandishi ya Kiingereza kwenye skrini, hiari yake ina upana gani?

Lililonishughulisha zaidi ni mfuatano wa tarehe. Ofisi ya Kamishna ilikuwa imeitaka kampuni hiyo iache kukusanya picha za mboni tangu Mei 2023, miezi miwili kabla ya foleni za KICC. Na kabla ya hapo, kampuni mama ilikuwa imesajiliwa na kupewa cheti, cheti kama kile kilichotiwa fremu ofisini kwetu. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo kila mwenye cheti angepaswa kulielewa: kusajiliwa ni kuandikwa tu kwamba upo. Ni kama daftari la langoni. Askari ameandika jina lako, lakini hajasema kwamba unaruhusiwa kuchukua televisheni ya wenyewe. Na amri ya kuacha, ikiwa haina mtu wa kwenda kusimama mlangoni, ni barua.

Mwisho wa kesi ile ulikuja tarehe 5 Mei 2025, ambapo Jaji Roselyne Aburili, katika shauri lililopelekwa mahakamani na Taasisi ya Katiba na wenzake, aliamua kwamba data hiyo ilikusanywa kinyume cha sheria, kwa kuwa tathmini inayotakiwa haikufanywa na ridhaa ilivutwa kwa fedha. Aliamuru ifutwe katika siku 7, Kamishna akisimamia. Ni uamuzi mzuri. Vilevile ni uamuzi uliokuja miezi 21 baada ya foleni, kwa watu ambao sarafu zao walikwisha kuziuza na unga walikwisha kuula.

Suala la lugha linanigusa kwa namna ya peke yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyewaandikia wazazi ile fomu ya idhini. Nilipotafuta maneno ya Kiswahili ya kuifuata, sheria yetu haikunisaidia, maana imeandikwa kwa Kiingereza. Nilikwenda kukopa ng'ambo ya mpaka wa Lungalunga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inasomeka kwa Kiswahili, na humo nikakuta nilichokuwa nakihangaikia: taarifa binafsi, mkusanyaji, mchakataji, mhusika wa taarifa. Mama mmoja wa Kisauni aliisoma fomu yangu mbele ya dirisha la ofisi, kidole kikifuata mstari, akaniambia, "Mwanangu, kumbe naweza kukataa?" Ile ya Kiingereza tuliyoitoa mwanzoni alikuwa ameitia sahihi bila kuuliza.

Tanzania nayo iko njiani. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024, na tayari baadhi ya vifungu vya sheria hiyo vimeshafikishwa Mahakama Kuu na kuonekana kuwa na utata. Siwezi kusema wametupita au tumewapita. Nasema tu kwamba haki ambayo mwenyewe haisomi kwa lugha anayonunulia mkate itabaki kuwa haki ya mawakili.

Turudi langoni. Ule ukurasa wa njugu niliuchoma kwenye jiko usiku ule ule, baada ya kuuonesha kwa mume wangu na kumkataza kusoma majina. Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa wakazi wa jengo letu, baada ya ajenda ya maji na ajenda ndefu ya paka wa ghorofa ya tatu, nilisimama nikauliza daftari letu linahifadhiwa wapi na nani. Mweka hazina aliniuliza, na lilikuwa swali la haki, je, siku akija mwizi tutamjuaje? Nilimjibu kwamba mwizi hataandika jina lake la kweli, na kwamba wanaoandika la kweli ni wageni wetu wenyewe. Dada mmoja mpangaji, ambaye hazungumzi sana, akasema kwamba mara mbili askari wa zamu wa zamani aliwahi kuwatumia wageni wake jumbe za WhatsApp za kuwatongoza, nambari akiwa amezitoa daftarini. Baada ya hapo hakuna aliyebisha tena. Tulikubaliana kwamba nambari ya kitambulisho haitaandikwa, mgeni atataja jina na nyumba, mwenyeji atapigiwa simu, na kurasa zitachanwa na kuchomwa kila baada ya miezi 3.

Asubuhi yake nilishuka kumweleza askari wetu, mzee wa makamo ambaye kila siku ananiita "bi mkubwa" ingawa nadhani tumelingana umri. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akaingia kibandani. Alitoka na rundo la madaftari yaliyofungwa kwa kamba ya katani, mengine majalada yameliwa na mchwa. La chini kabisa lilikuwa la 2014.

"Haya nayo, bi mkubwa?" aliuliza. "Maana kuna kijana wa Marikiti huja kuyanunua kwa kilo."